THEODORE ROOSEVELT: MTU WA MACHO MABOVU NA BUNDUKI YAKE YA WENZO

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, sisi wenyeji wa Cheptiret tumezoea kuona mahindi na ngano pande zote, na mnyama mkubwa tunayekutana naye asubuhi njiani kuja shule ni ng'ombe wa jirani. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba katika uwanda huu wetu wa Uasin Gishu walikuwapo simba, twiga na ndovu, na kwamba mwaka wa 1909 mtu aliyekuwa ametoka juzi tu katika kiti cha urais wa Marekani alipiga hema huku akiwawinda, unaweza kudhani ni hadithi za Abunuwasi. Lakini ni kweli tupu. Mtu huyo aliitwa Theodore Roosevelt.

Wengi wameandika juu ya urais wake na vita vyake. Mimi nataka kuwasimulia maisha yake kwa kufuata kitu kimoja, nacho ni bunduki yake, na vile alivyoichagulia vilengeo na vifaa vingine. Kwa nini bunduki? Kwa sababu mtu huyu alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, na bado akataka kuwa mwindaji. Mwenye macho mabovu hawezi kuchukua bunduki yoyote tu na kuingia nayo porini. Sharti kwanza ajijue. Hapo ndipo penye funzo kwetu sote, hata sisi ambao pengine hatutashika bunduki maisha yetu yote.

UTOTO WAKE

Theodore Roosevelt alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1858 katika jiji la New York. Wazazi wake walikuwa na mali, lakini mali haimzuii mtoto kuugua. Alisumbuliwa na pumu tangu akiwa mdogo, usiku akikosa pumzi hata watu wakadhani hatapona. Baba yake alimhimiza afanye mazoezi ya mwili ili apate nguvu, naye mtoto akatii. Alipenda sana kusoma habari za wanyama na ndege.

Alipofika umri wa miaka 13 hivi, alipewa bunduki yake ya kwanza. Akaenda na wenzake kupiga ndege. Hapo ndipo ajabu ilipotokea. Wenzake walikuwa wakilenga vitu ambavyo yeye hakuviona kabisa! Siku nyingine wenzake wakasoma kwa sauti maandishi makubwa yaliyobandikwa mbali, naye hakuweza kuziona herufi zenyewe, seuze kuzisoma. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiona karibu tu, na alidhani kila mtu huona hivyo. Alimweleza baba yake, akanunuliwa miwani. Baadaye alieleza kwamba miwani hiyo ilimfungulia dunia mpya, kwa kuwa hakuwa amejua kwamba dunia ina uzuri kiasi hicho. Majira ya baridi ya mwaka wa 1872 kuingia 1873 familia yake ilisafiri Misri, na kijana huyo akatembea kandokando ya mto Nile na bunduki yake, akikusanya ndege na kuwahifadhi kwa ajili ya masomo yake.

Basi tuseme hivi: kifaa cha kwanza alichokihitaji ili bunduki yake imfae hakikuwa juu ya bunduki. Kilikuwa juu ya pua yake.

MAISHA YA UCHUNGAJI

Mwaka wa 1880 alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka huohuo akaoa. Lakini mambo hayakudumu. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake walifariki siku moja, katika nyumba moja. Hebu fikiria! Kwa majonzi hayo alikwenda kukaa magharibi, katika nchi ya Dakota, ambako alikuwa na ng'ombe kandokando ya mto uitwao Little Missouri. Sisi watoto wa wafugaji tunaweza kuyaelewa maisha hayo: kuamka alfajiri, kuwafuata ng'ombe juani na baridini, na kulala umechoka kama punda.

Huko Dakota wachungaji walimcheka kwa sababu ya miwani. Mtu wa miwani alionekana kama mtu laini wa mjini asiyeweza kitu. Usiku mmoja, katika hoteli ndogo, mlevi mmoja mwenye bastola mbili mkononi alianza kumwita macho manne na kumwamuru awanunulie watu wote vinywaji. Roosevelt aliinuka polepole kana kwamba anatii, akamtandika ngumi, na yule mlevi akaanguka chini akazimia. Tangu siku hiyo macho manne likawa si jina la kuchezewa.

Wakati huo bunduki aliyoipenda ilikuwa Winchester ya aina ya 1876. Hii ni bunduki ya wenzo. Katika somo la fizikia tumejifunza juu ya wenzo na egemeo, na bunduki hii inatumia akili hiyohiyo. Chini ya bunduki, pale vidole vinaposhika, kuna chuma kilichopindwa kama kitanzi. Ukikisukuma chini, bunduki inafunguka, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linaruka nje, na mtambo unajitega. Ukikirudisha juu, risasi mpya inaingia mahali pake. Yote hayo ni kwa mkono mmoja, bila kuishusha bunduki begani. Kabla ya bunduki za namna hii, mwindaji wengi walipiga mara moja kisha wakaanza kutia risasi nyingine, na mnyama mkali hangoji.

Lakini Roosevelt hakuichukua bunduki hiyo kama ilivyotoka dukani. Alitaka mti wake uchongwe umfae yeye, na vilengeo vyake viwe vya kumfaa yeye. Katika kitabu chake cha uwindaji kilichotoka mwaka wa 1885 aliisifu bunduki hiyo kuliko nyingine zote alizowahi kutumia, na alitaja wazi kwamba ilikuwa imetengenezwa kwa kipimo chake.

VILENGEO NI NINI?

Pengine msomaji unajiuliza, vilengeo ni kitu gani? Ni vile vyuma vidogo vilivyo juu ya bunduki ambavyo mpigaji huvitazama ili ajue risasi itakwenda wapi. Kwa kawaida ni viwili. Kimoja kiko mbele, karibu na mdomo wa mtutu, nacho ni kama punje ndogo. Kingine kiko nyuma, karibu na jicho, nacho kina mkato kama herufi V au U. Mpigaji huiweka ile punje katikati ya ule mkato, kisha huiweka punje juu ya shabaha yake. Maneno ni rahisi, lakini kazi yenyewe si mchezo. Jicho la binadamu haliwezi kuona sawasawa vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. Ukiangalia mnyama, punje inafifia. Ukiangalia punje, mnyama anafifia. Walimu wa shabaha husema ni afadhali jicho likae kwenye punje ya mbele.

Sasa hapo ndipo uchaguzi unapoanza. Punje ya mbele inaweza kutengenezwa kwa pembe ya ndovu, ambayo ni nyeupe na inaonekana vizuri ndani ya msitu wenye kiza, lakini ni rahisi kuvunjika. Inaweza pia kuwa ya dhahabu au shaba, ambayo haivunjiki upesi, ila jua kali likiipiga inametameta na kumdanganya mpigaji. Kilengeo cha nyuma nacho kina namna zake. Mkato mpana ni wa haraka lakini hauna uhakika kwa mnyama wa mbali. Mkato mwembamba una uhakika, lakini jicho bovu linahangaika nao. Kuna pia kilengeo chenye tundu dogo, ambacho mpigaji huchungulia ndani yake kama anayechungulia tundu la ufunguo. Hiki huwafaa watu wengi ambao macho yao yameanza kuzeeka. Na mwisho kuna darubini inayofungwa juu ya bunduki. Siku zile darubini hizo zilikuwa ndefu na rahisi kuharibika. Zaidi ya hayo, bunduki nyingi za wenzo hurusha maganda juu, kwa hivyo darubini ikikaa katikati inayazuia.

Unaona basi kwamba hakuna kilengeo kilicho bora kwa watu wote. Kilicho bora ni kile kinacholingana na jicho lako, mnyama wako na mahali pako. Mavazi ya kuazima hayasitiri matako, na kilengeo cha mwingine hakikuonyeshi shabaha.

VITA, URAIS NA NGUMI YA JICHO

Roosevelt hakukaa Dakota milele. Alirudi kwao, akaoa tena, akaingia kazi za serikali. Mwaka wa 1898 Marekani ilipopigana na Uhispania, alikwenda Kuba akiwa kiongozi wa kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea. Aliogopa kitu kimoja kuliko risasi za adui, nacho ni kupoteza miwani. Kwa hivyo alibeba jozi nyingi za akiba, nyingine zimeshonewa ndani ya nguo na kofia yake. Tarehe 1 Julai 1898 aliongoza askari wake kupanda vilima vya San Juan, na jina lake likavuma kote nchini.

Baada ya hapo alipanda ngazi upesi. Alikuwa gavana wa New York, kisha makamu wa rais, na Rais McKinley alipouawa Septemba 1901, Roosevelt akawa rais akiwa na miaka 42 tu. Alishinda uchaguzi wa mwaka wa 1904, na mwaka wa 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuwapatanisha Warusi na Wajapani. Pia alitenga misitu na mbuga nyingi za nchi yake zisiharibiwe.

Hata akiwa rais alipenda michezo ya nguvu. Alikuwa akipigana ngumi na maafisa vijana. Siku moja afisa mmoja alimpiga karibu na jicho la kushoto, mishipa midogo ya ndani ikapasuka. Jicho hilo likaanza kufifia, na mwishowe likapofuka kabisa. Kwa miaka mingi hakutaka watu wajue, hasa kwa sababu hakutaka kumwaibisha kijana aliyempiga. Bahati yake ni kwamba alilenga kwa jicho la kulia. Lakini hebu piga hesabu, msomaji: jicho moja halioni, la pili haliwezi kitu bila miwani, na umri umefika miaka 50. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kuja Afrika kuwinda simba.

KUAGIZA BUNDUKI

Katika mwaka wa 1908, akiwa bado rais, aliandikiana barua na kampuni ya Winchester iliyokuwa katika mji wa New Haven. Alitaka bunduki za wenzo za aina ya 1895, zenye risasi iitwayo .405, kwa ajili yake na mwanawe Kermit. Bunduki hii ilibuniwa na fundi stadi John Browning. Tofauti yake na zile za zamani ni kwamba risasi hazikai katika bomba refu chini ya mtutu, ambamo ncha ya moja inagusa kitako cha nyingine. Zinakaa ndani ya kasha, moja juu ya nyingine, kwa hivyo inaweza kupiga risasi zenye nguvu zaidi bila hatari. Risasi ya .405 ilikuwa nzito, karibu gramu 19, na ilitoka kwa mwendo wa mita 670 hivi kwa kila sekunde. Ilimpiga mnyama kwa kishindo, na bega la mpigaji nalo halikusahauliwa!

Roosevelt aliipelekea kampuni bunduki yake ya zamani iwe mfano. Alitaka mti wa bunduki mpya uwe na urefu na mpindo uleule, na vilengeo vifanane na vile alivyovizoea. Lakini wapi! Bunduki ilipofika ilikuwa na kilengeo cha nyuma ambacho hakikumfaa hata kidogo. Je, alisema haidhuru kwa kuwa bunduki ilikuwa mpya na inang'aa? Hapana. Aliirudisha kiwandani, akawaambia waitengeneze kama alivyoagiza. Wengine wanaweza kusema ni maringo ya mtu mkubwa. Mimi naona ni busara. Kule aendako hakuna fundi, na simba akija mbio hakuna nafasi ya kulaumu kiwanda.

Hakutegemea bunduki moja pia. Alikuwa na Springfield ya kijeshi iliyotengenezwa upya kwa uwindaji, kwa ajili ya swala na wanyama wa mbali. Alikuwa na bunduki kubwa ya mitutu miwili iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London, zawadi kutoka kwa marafiki zake wa Uingereza, kwa ajili ya ndovu na vifaru. Ile Winchester ya wenzo aliiona kuwa ndiyo dawa ya simba.

SAFARI YA 1909

Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 pamoja na Kermit, aliyekuwa na miaka 19, na wataalamu watatu wa wanyama waliotumwa na taasisi ya Smithsonian ya Washington. Katika garimoshi kuelekea bara aliketi kwenye benchi lililowekwa mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Walibeba mahema, vyakula, mitego, na tani 4 za chumvi ya kuhifadhi ngozi.

Vifaa vyake mwenyewe vinafurahisha kuvihesabu. Alikuwa na darubini ya mkononi, ambayo ilimsaidia kuwatafuta wanyama kabla ya kuinua bunduki. Alikuwa na miwani ya akiba. Alikuwa na mfuko wa risasi uliobebwa na mchukua bunduki. Na ndani ya mfuko huo, pamoja na risasi, mara nyingi mlikuwa na kitabu! Naam, alikuja na vitabu karibu 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, ili jasho, damu na mafuta ya bunduki visiviharibu. Alisoma chini ya mti akingoja jua lipungue.

Lakini msaada mkubwa kuliko vyote haukuuzwa dukani. Ulikuwa ni watu. Wachukua bunduki kama Bakari na wenzake walitembea nyuma yake na bunduki ya pili tayari, wakamwonyesha mnyama ambaye jicho lake halikumwona. Kermit naye alikuwa na Juma Yohari. Wapagazi walimwita Roosevelt Bwana Mkubwa, na Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Majina hayo ya Kiswahili Roosevelt aliyaandika kitabuni, ingawa kwa tahajia ambayo mwalimu wetu angeipiga wino mwekundu.

Simba wake wa kwanza aliwapata katika nchi ya Kitanga, karibu na nyanda za Kapiti, kwa ile Winchester. Safari nzima yeye mwenyewe aliua simba 9. Hata hivyo hakujisifu kuwa mpigaji hodari. Alikiri kwamba alikosa mara nyingi, na kwamba alitegemea kukaribia mnyama na kutulia. Ni nadra mtu mkubwa kusema hivyo.

ROOSEVELT NA WANANDI

Novemba 1909 alifika kwetu. Alitoka Londiani kwa magari ya ng'ombe akapanda uwanda wa Uasin Gishu hadi pande za Sergoit na mto Nzoia. Wakati huo Eldoret haikuwapo. Karibu na Nzoia alikutana na Carl Akeley, fundi wa kuhifadhi wanyama, akamsaidia kupata ndovu ambao leo wanasimama katika jumba la makumbusho la New York.

Kilima cha Sergoit bado kipo, ukienda upande wa Iten. Katika nchi hiyo makumi ya mashujaa wa Kinandi walikuja kumwonyesha vile wanavyowinda simba. Roosevelt alipanda farasi akatazama, bila kupiga. Wapanda farasi walimkuta simba dume mwenye manyoya mengi shingoni, wakamzuia asitoroke. Mashujaa wakafika kwa miguu, wakamzunguka, kila mmoja na ngao na mkuki wake, wakakaza duara kidogokidogo. Simba alinguruma, akachapa mkia, halafu akatoka kama mshale kumwelekea shujaa mmoja. Shujaa hakurudi nyuma hata hatua moja. Alimrushia mkuki ukapenya mwilini. Simba akamrukia akamng'ata, na papo hapo mikuki ya wenzake ikamiminika. Kwa muda mfupi tu simba alikuwa amekufa. Yule aliyeumia alivumilia bila kulia, na alipoambiwa atapewa mtamba, alitabasamu. Nani kati yetu hangetabasamu?

Hapa ndipo ninaposimama na kufikiri. Upande mmoja yuko mtu mwenye bunduki iliyopimwa kwa barua kutoka ikulu, vilengeo, darubini na miwani. Upande mwingine wako watu wenye chuma kilichonolewa, ngao ya ngozi, na wenzao kushoto na kulia. Mkuki nao hauchaguliwi ovyo. Lazima uzito na urefu wake vilingane na mkono wa mwenyewe. Na kilengeo chake ni jicho la mwenye mkuki, lililofunzwa tangu utoto. Roosevelt mwenyewe alistaajabu, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1910 aliwasifu mashujaa hao sana.

LAWAMA ZAKE

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hivyo tusimsifu bila kupima. Miaka minne tu kabla ya Roosevelt kufika, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa bunduki na afisa Mwingereza katika mkutano uliosemekana kuwa wa amani. Roosevelt aliyafurahia makazi ya walowezi katika uwanda huu, na kitabu chake kina maneno ya kuwadharau Waafrika ambayo leo hatuwezi kuyakubali. Tena yeye na Kermit waliua wanyama 512. Wengi walipelekwa kwenye majumba ya makumbusho, na wengine wakawa chakula cha wapagazi, lakini hesabu hiyo ni kubwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka wa 1977. Nasi tunaoishi hapa tumebaki kuwasoma simba wa Uasin Gishu vitabuni. Bunduki yenye vilengeo vizuri humwonyesha mtu mahali pa kupiga. Haimwambii ni wakati gani wa kuacha.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Machi 1910 alifika Khartoum, safari ya Afrika ikaisha. Mwaka wa 1912 alijaribu kuurudia urais. Tarehe 14 Oktoba 1912, katika mji wa Milwaukee, mtu alimpiga risasi kifuani. Risasi ilipita katika hotuba yake nene iliyokunjwa mfukoni, kisha ikagonga kasha la chuma la miwani yake, ikapungua nguvu. Akiwa anavuja damu, alisimama akahutubu kwa zaidi ya saa moja! Risasi hiyo ilibaki mwilini mwake hadi kufa. Maskini miwani! Ile iliyochekwa Dakota ndiyo iliyosaidia kumwokoa.

Uchaguzi huo alishindwa. Baadaye alisafiri katika mto usiojulikana huko Brazili, ambako nusura afe kwa homa na jeraha la mguu. Alifariki usingizini nyumbani kwake tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60.

FUNZO

Wenzangu, sikuandika haya ili mtu atamani bunduki. Nimeandika kwa sababu katika kila darasa wako wanafunzi wanaokunja uso wakitazama ubao, wananakili kwa jirani, na hawasemi kwamba hawaoni, eti wataitwa macho manne. Wengine wamepewa miwani na wanaificha ndani ya begi. Halafu mtihani ukija vibaya wanasema somo ni gumu. Roosevelt alipogundua kwamba hasomi maandishi ya mbali, alimwambia baba yake siku zile zile. Asingesema, asingekuwa mwindaji, wala askari, wala rais.

Na wewe unayemcheka mwenye miwani, mkumbuke yule mlevi wa Dakota. Si kwa ajili ya ngumi tu, bali kwa sababu alidhani udhaifu wa mtu ndio mtu mwenyewe.

Kabla ya kuchagua kalamu, kiatu, jembe, au masomo ya kufanya katika mtihani wa Kidato cha Nne, usiulize kwanza rafiki yako amechagua nini. Jiulize jicho lako likoje, mkono wako una nguvu kiasi gani, na unakwenda wapi. Kifaa kisipolingana nawe, kirudishe bila kuona haya, mapema, kabla simba hajatoka kichakani.